Wimbo unaniambia niache kazi, baba anasema nirudi ngamani

Shikamoo Mjomba.

Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Pangani, na huu ni mwaka wangu wa nne Arusha. Nilisomea uhasibu, nikaajiriwa kwenye ofisi moja ya fedha ambayo sitaitaja. Mshahara si mkubwa ila unaingia. Kila siku saa mbili kasorobo niko mezani, nalinganisha hesabu za wateja na taarifa zao za benki, saa kumi na moja natoka. Sina ugomvi na mtu pale. Shida yangu ni kwamba nikifika nyumbani nikavua viatu, huwa najiuliza yule aliyekaa kwenye kile kiti kutwa nzima alikuwa nani.

Miaka miwili iliyopita nilianza kujifunza Kihispania kwa simu, mzaha mzaha tu, kwa sababu mji huu unapishana na wageni wa kila lugha. Mzaha ukawa ugonjwa. Nasoma hadi saa sita usiku, nasikiliza redio zao, naongea peke yangu nikiwa naoga mpaka mpangaji mwenzangu akaniuliza kama naomba dua. Mwaka jana, wikiendi ya Nanenane, kampuni anayofanyia kazi rafiki yangu ilipokea familia ya Wahispania, mwongozaji wao mwenye lugha akaugua ghafla. Nikaombwa nikae mbele kando ya dereva siku tatu, niwe natafsiri. Mjomba, zile siku tatu sijui nizielezeje. Hakuna hata mara moja niliyoangalia saa.

Siku ya pili tulikuwa tunapanda ukingo wa Ngorongoro, ukungu umeshuka hadi kwenye kioo, dereva kawasha taa asubuhi. Bibi wa ile familia, mwenye sabini na kitu, akaanza kuimba. Wanawe wakaitikia, hata wajukuu wakaujua. Nilipomuuliza akasema unaitwa Cantares, wa Joan Manuel Serrat. Wakati wa kuagana akaniandikia mstari mmoja nyuma ya risiti ya maji ya kunywa: "Caminante, no hay camino, se hace camino al andar." Risiti naiweka ndani ya kava la simu. Wino umeanza kufifia.

Nimeusikiliza labda mara mia tatu. Nilivyouelewa mimi, unasema: hakuna njia, usifuate ile uliyowekewa, jitafute mwenyewe. Kile kiitikio, golpe a golpe, verso a verso, programu ya kutafsiri iliniambia ni "hatua kwa hatua, ubeti kwa ubeti". Nikaona ninaambiwa mimi. Njia ya uhasibu niliwekewa na baba. Yeye ni nahodha, hakutaka mwanawe ahangaike na jua na chumvi kama yeye. Nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Iko kwenye begi tangu mwezi wa pili, naenda nayo ofisini, narudi nayo.

Kosa langu ni hili. Nilimrekodia baba ujumbe wa sauti, nikamtafsiria ule mstari, nikamwambia bado najitafuta na njia yangu haiko ofisini. Akajibu kwa sauti ya sekunde sita: "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Basi. Tangu siku hiyo ni miezi miwili, nikipiga anampa mama simu. Mdogo wangu naye kaniambia wimbo wa Wazungu haulipi kodi ya nyumba.

Mjomba, uliwahi kuandika kwamba ulikuwa baharia na Kihispania unakijua. Nina maswali mawili. Je, wimbo nimeuelewa? Na barua niitoe?

Binti wa Nahodha, Arusha

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na swali la pili, maana ndilo linalokukosesha usingizi: barua usiitoe. Wala usiichane. Iache humo begini, tutairudia. Kwanza tumalizane na wimbo, kwa sababu umeuelewa nusu, na nusu uliyoiruka ndiyo yenye chumvi.

Mimi niliusikia mara ya kwanza mwaka 1986, meli yetu imefunga gati Las Palmas, kule visiwa vya Kanari. Mpishi wetu alikuwa Mgalisia, wa kule kaskazini-magharibi mwa Hispania, mtu mnene asiyecheka, na kila jioni akimenya viazi aliuimba huo. Kihispania changu cha siku zile kilikuwa cha kuomba chumvi na kuulizia mshahara. Lakini nilijua wimbo umefika wapi, kwa sababu kwenye neno golpe alikuwa anagonga mfuniko wa sufuria kwa mgongo wa kisu. Golpe, nga! A golpe, nga! Kisha kwenye verso a verso anarudi kwenye kiazi chake polepole, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa tazama simu yako ilivyokuchezea. Golpe ni pigo. Ni kofi, ni ngumi, ni wimbi linavyogonga ubavu wa chombo. Hata jeshi likipindua serikali Wahispania husema golpe. Hatua haimo humo. Kiitikio ni "pigo kwa pigo, ubeti kwa ubeti", na mtu aliyesoma "hatua kwa hatua" ameusikia wimbo mwingine kabisa, wimbo wa mazoezi ya asubuhi.

Halafu kuna lile "hakuna njia". Hapo hukukosea maneno, ni Kiswahili chenyewe kimekuponza. Kwetu ukisema hakuna njia, umesema mambo yamekwama, hakuna budi, tukubali yaishe. Ama, kwa masikio yako wewe uliyechoka, umesema njia zote ni batili, basi tupa. Yule mshairi aliyetunga maneno hayo, nitakutajia jina lake mbele, hakusema lolote kati ya hayo. Mimi nimelizungusha shairi hilo kichwani miaka mingi, na kwa sasa nimeishia hapa:

Ewe mwendaji, nyayo zako ndizo njia, hapana nyingine;
mwendaji, njia haipo, njia huwa kwa kwenda.
Kwa kwenda njia huwa,
na ukigeuka kutazama nyuma waiona
ile ambayo hutaikanyaga tena.
Mwendaji, njia haipo,
ila povu nyuma ya chombo baharini.

"Njia huwa kwa kwenda." Al andar, kwa kwenda. Nimeweka "mwendaji" kwa makusudi. "Msafiri" ana tiketi na anajua anakoteremka. "Mpita njia" tayari ana njia ya kupita. Caminante ni mtu yuko kwenye mwendo, basi. Kama una neno bora niandikie, sijaridhika nalo sana.

Umeona mstari wa mwisho? Huo hukuutaja kwenye barua yako, na wewe ni binti wa nahodha! Estelas ni ile alama nyeupe inayobaki nyuma ya chombo. Mimi nimesimama tezi, kule nyuma ya meli, usiku wa zamu yangu nikiitazama zaidi ya nilivyotazama televisheni maisha yangu yote. Karibu na rafadha maji yanachemka kama sufuria. Mbele kidogo yanatulia, yanakuwa utepe laini kuliko bahari yenyewe, mpana kuliko meli. Kisha bahari inajifunga. Dakika chache tu, na ukimwambia mtu meli imepita hapa atakuuliza ushahidi. Njia yako nzima ndiyo hiyo. Ipo, umeipita kweli, lakini haiko mbele, na hata huko nyuma haikai.

Ndiyo maana nasema umeelewa nusu. Umeusikia wimbo ukisema "toka". Wimbo hausemi toka. Unasema tayari unaenda. Hata kwenye kile kiti cha ofisi unaenda. Nyayo zipo, tena zako, si za baba yako.

Nikueleze wimbo wenyewe umetoka wapi, kwa sababu una wenyewe wawili na hawakuwahi kukutana. Mashairi ya mwanzo ni ya Antonio Machado, aliyezaliwa Seville mwaka 1875. Hayo ya mwendaji yamo katika kundi aliloliita Proverbios y cantares, ndani ya kitabu chake Campos de Castilla, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1912. Serrat, kijana wa Barcelona, aliyachukua, akayatia muziki, na mwaka 1969 akatoa albamu nzima ya kumuenzi Machado. Cantares imo humo. Lakini Serrat hakuishia kuimba maneno ya marehemu. Aliongeza beti zake za mwisho, zile anazosimulia habari za mshairi aliyekufa mbali na kwao, akafunikwa na vumbi la nchi jirani. Lile pigo kwa pigo limo humo, kwenye beti za Serrat.

Huyo aliyekufa ni Machado mwenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilipokuwa vinaisha, Januari 1939, alivuka mpaka kuingia Ufaransa pamoja na mama yake aliyepita miaka 80 na mdogo wake José, katikati ya umati wa wakimbizi, kwenye baridi. Walifika kimji cha pwani kiitwacho Collioure. Alifariki humo tarehe 22 Februari, mama yake akamfuata siku tatu baadaye. José alipopekua koti la kaka yake alikuta karatasi iliyokunjwa, na kati ya yaliyoandikwa humo mlikuwa na mstari huu: "Estos días azules y este sol de la infancia." Siku hizi za buluu na jua hili la utotoni. Hakurudi kwao tena. Kaburi lake bado liko hapohapo, na lina sanduku la barua. Watu wanampelekea barua, mpwa wangu, hadi leo, marehemu wa mwaka 1939. Na mimi nalalamika barua zenu zimekuwa nyingi.

Kwa hiyo bibi wa Ngorongoro alipoanza kuimba kwenye ukungu na familia ikaitikia, haikuwa nyimbo ya kumtia moyo kijana aanzishe biashara. Mwenye sabini na kitu leo, mwaka 1969 alikuwa binti, na Hispania ilikuwa chini ya dikteta Franco. Serrat mwenyewe mwaka mmoja nyuma alikuwa amechaguliwa kwenda kuimba Eurovision, lile shindano la nyimbo la Ulaya, akasema ataimba kwa Kikatalani, lugha ya kwao Barcelona, au haendi. Hakwenda. Aliyepelekwa badala yake, Massiel, akaenda London akashinda, na Serrat akafungiwa televisheni ya taifa. Halafu mwaka uliofuata akaimba Machado kwa Kihispania, na baadhi ya Wakatalani wenzake nao wakamnunia. Hayo ndiyo mapigo. Ubeti unakuja baada ya pigo, ndivyo mpishi wetu alivyokuwa akiucheza kwenye sufuria.

Lakini kuna habari moja ya Machado ninayotaka uikae nayo kuliko zote. Alikuwa mtumishi wa serikali. Mwalimu wa Kifaransa wa sekondari. Alianza Soria mwaka 1907, akahamia Baeza mwaka 1912 baada ya mkewe Leonor kufariki akiwa bado binti mdogo, kisha Segovia mwaka 1919, kisha Madrid kwenye miaka ya thelathini. Huko Baeza darasa lake wamelihifadhi, madawati na yote. Mtu aliyetuambia njia haipo, asubuhi alikuwa anaingia darasani kufundisha vitenzi vya Kifaransa kwa watoto wanaopiga miayo, jioni anatembea. Alikuwa mtembeaji kweli, kwa miguu. Mashairi aliyaandika katikati ya hayo. Hakuandika barua ya kuacha kazi ili ajipate.

Na hapa niseme kitu kuhusu hili neno lenu. Siku hizi kila kijana "anajitafuta". Namsikia kondakta, namsikia msanii, namsikia mpwa wangu wa damu anayekaa kwangu bila kodi. Nikichunguza naona mnachomaanisha ni pesa: anayejitafuta hajazipata, aliyejipata kanunua gari. Sina neno, mtaa una haki ya maneno yake. Ila wewe umelichukua hilo neno la mtaani ukalivalisha wimbo wa Machado, na haliutoshi. Kujitafuta maana yake kuna mwenyewe fulani kajificha mahali, labda mbugani, labda nyuma ya mlima, na ukiacha kazi utamkuta amekaa anakungoja. Wimbo unasema huko mbele hakuna mtu. Hujaenda bado, atatoka wapi? Ukitaka kumjua geuka, tazama nyayo.

Basi tuzitazame zako. Miaka miwili ya usiku hadi saa sita, bila mtu kukulazimisha wala kukulipa. Hizo ni nyayo. Siku tatu za Nanenane, umeulizwa maswali na familia nzima na hukuangalia saa. Hizo ni nyayo, ingawa tatu tu. Miaka kadhaa ya kulinganisha hesabu bila ugomvi na mtu: hizo pia, usizifute kwa sababu zinakuchosha. Na barua uliyoiandika mwezi wa pili ukawa unaitembeza mjini kila siku kama mgonjwa? Huo si unyayo. Umesimama.

Sasa baba yako. Hapa nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Umesema alikujibu sekunde sita akanyamaza, nawe umehesabu ni hasira. Nimekutajia jina la lile kundi la mashairi, Proverbios y cantares. Maana yake ni methali na nyimbo fupi za mtaani. Baba yake Machado alikuwa mkusanyaji wa nyimbo za watu, mwaka 1881 alitoa mkusanyo wa nyimbo za flamenko, na mtoto alikulia ndani ya misemo hiyo kama wewe ulivyokulia ndani ya ya kwenu. Kwa hiyo ulichomtumia nahodha wa Pangani ni methali ya Kihispania. Naye amekujibu kwa methali. Ulitaka akujibu kwa nini, kwa emoji?

Tena isikilize vizuri. Methali haisemi marejeo ni bandarini. Wala haisemi marejeo ni nyumbani. Inasema ngamani. Wewe unajua ngama ni wapi, wasomaji wengine huenda hawajui: ni kule chini tumboni mwa chombo, maji yanakojikusanya, mahali pa kufua maji. Tezi iko nyuma, omo iko mbele, na mtu akishahangaika huku na huku mwisho anateremka kule chini kwa sababu maji hayajifui yenyewe. Sasa ngama iko wapi chombo kikiwa Pangani? Chini ya chombo. Kikiwa Mombasa? Chini ya chombo. Kikiwa Las Palmas? Palepale. Ngama inakwenda na wewe. Baba yako hajakwambia usiende. Kakwambia popote utakapokwenda kuna maji ya kufua, na ni ya kwako. Labda alikuwa pia na maana ya "rudi nyumbani", methali ina tumbo kubwa na wengi huitumia hivyo. Lakini aliyezaa binti akampeleka shule ili asile chumvi, halafu akanyamaza miezi miwili, mimi nadhani kaumia zaidi kuliko kukasirika. Umemwambia njia aliyokuchongea haikuwa yako, na umemwambia kwa simu.

Hilo uende ukalirekebishe kwa miguu. Panda basi. Usimpelekee wimbo, usimpelekee barua. Akienda majini mwombe uende naye, mkishatoka mlango wa mto kaa tezi mgongo kwa omo, mwonyeshe lile povu, umwambie kuna mshairi wa Hispania, mwalimu wa Kifaransa, aliyeliandika. Umsomee mstari mmoja. Halafu nyamaza wewe safari hii.

Turudi kwenye kazi. Wahispania wengi huchukua likizo mwezi wa nane. Agosti miji yao inabaki na paka. Kwako huo ni msimu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya mwaka ya siku 28. Iombe mapema iangukie Agosti, kabla wenzako hawajaiomba, na usome mkataba wako kama haukuzuii kufanya kazi nyingine ukiwa likizo. Kisha nenda kwa yule rafiki na kampuni nyingine mbili tatu, useme wazi wewe si mwongozaji, wewe ni mkalimani wa kukaa mbele na dereva. Siku 28 si siku tatu. Kutakuwa na mgeni atakayelalamikia vumbi, mwingine atakayetaka simba kwa saa, mtoto atakayetapika kwenye kona za Karatu, na siku utakayojibu swali lile lile la twiga mara ya tisa. Ukifika tarehe 31 bado huangalii saa, hapo tuna la kuzungumza.

Kama jibu ni ndiyo, ujue Kihispania peke yake hakimfanyi mtu mwongozaji. Kuna leseni, kuna mafunzo, kuna ndege mia kadhaa wa kujua kwa majina katika lugha mbili. Chuoni Mweka, pale juu ya Moshi, wanafundisha mambo ya wanyamapori tangu mwaka 1963; kaulizie kozi na ada zao wakati bado una mshahara wa kulipia. Kwa upande wa lugha kuna cheti cha DELE kinachotolewa na Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya lugha yao, ngazi sita kuanzia A1 hadi C2, na kikishatoka hakiishi muda. Wewe lenga B2, ngazi ya nne. Kampuni inayoona B2 pamoja na mtu anayejua kufunga hesabu za mwezi, mimi ningekuwa mwenyewe nisingekuachia ukatoka mlangoni. Usiutupe uhasibu. Wenye magari ya safari wengi wanafilisika kwa risiti, si kwa kukosa tembo.

Siku hiyo ikifika barua itoe, na notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 zilezile. Tarehe uliyoandika mwezi wa pili ibadilishe.

Mdogo wako mwambie wimbo haulipi kodi, ni kweli, lakini na yeye alipe ya kwake.

Na jambo moja la mwisho, maana najua utamsomea baba yako kwa sauti. Kwenye huellas, ndizo zile nyayo, ile h haisomwi. Ni "weyas". Wageni watakusamehe, mie sisamehi.

Mjomba